Ndoo ya Tatu

Mama alichagua mawe kwa vidole.
Mkanda ulipita, nao wanawake kumi na wanne
wamejifunga vitambaa, kope nyeusi,
jiwe huku, makaa kule,
saa nane kila zamu,
hadi kucha zikasahau rangi yake.

Mimi nina ndoo tano.
Yaliyomo si maji tena: nimeyatia chumvi ya zinki
mpaka yakawa mazito, kila ndoo kuishinda ya kabla yake,
na chelezo ya kioo imesimama wima humo
kama karani wa posta, ikinisomea:
moja nukta tatu, nukta nne, nukta tano.
Tone likipenya glavu, ngozi huwaka hadi Jumapili.

Namwaga sampuli. Nangoja.
Makaa safi hupanda bila kuombwa.
Jiwe hushuka bila kukemewa.
Sijaona kesi ikikatwa upesi namna hii
Ruda nzima.

Kiwandani ni yaleyale, ila birika ni kubwa kama nyumba:
unga wa chuma cheusi umekorogwa majini,
tope linalobeba makaa mgongoni
na kuliacha jiwe lizame na ukimya wake.
Kisha chekeche hutetemeka, maji hunyunyiza,
na pipa la sumaku huzunguka likidai unga wake,
punje kwa punje, kama mtu aliyekopesha ndugu.
"Unga huu ni ghali kukushinda, Elfryda,"
hunitania Szołtysek.
Nacheka, si sana.

Leo, ndoo ya tatu,
kipande kimoja kimegoma.
Hakielei. Hakizami.
Kimening'inia katikati kama neno
lililomfika mtu kooni akaghairi.
Nikakiopoa, nikakisuuza, nikakigonga nyundo kidogo:
uzi wa makaa, uzi wa jiwe, makaa, jiwe.
Fomu ina safu mbili tu.

Nikakitia mfukoni, nikampelekea mama.
Alikipima kiganjani, macho kafumba,
kifua kikikoroma kama kawaida ya Novemba.
"Hiki," akasema, "tulikitupa upande wa makaa
siku za baridi.
Upande wa mawe, msimamizi akiwapo."

Akafungua mlango wa jiko, akakitia.

Kiliwaka nusu.
Asubuhi nilipozoa majivu
nusu ya pili ilikuwamo, nzima,
ingali na joto.