Waliokwisha

Juu ya friji, chumba cha uani, Magomeni Mikumi,
nimewapanga: dodo, simba wa meno ya jambia,
na kwaga, taya limemlegea.
Plasta tupu. Wamenilia posho ya miezi sita.

Bi Zamda mwenye nyumba kasimama kizingitini,
mkono kifuani, haingii.
"Vya kuiga," namwambia. "Gonga usikie."
Akamgonga dodo kwa ukucha wa hina.
"Alikufa na nini?"
"Hakufa. Kufa hufa mmoja. Hawa waliisha."

Akanyamaza.
Nje, mkaa ukapasuka jikoni.
Akashika pindo la kanga, akamfuta dodo vumbi
kwenye tundu la jicho, polepole,
kama anayemtoa mtoto tongotongo.

"Mwezi nao umeisha," akasema.
"Kodi."