Unyayo Usio Chini ya Mguu

Baba alisoma kwato kama barua.
Alfajiri, akichuchumaa kwenye vumbi la Haneti,
alisema: huyu ni ndama wa Chilewa,
amepita usiku, anachechemea mguu wa nyuma,
na aliyemswaga alikuwa na haraka.
Alikosea mara moja tu,
na siku hiyo alikuwa na homa.

Mimi ni mtu wa viatu.
Naishi Nkuhungu, nyumba ya vyumba vitatu,
sakafu ya vigae, haishiki alama.
Natoka ofisini, naoga maji ya moto;
Sechelela anachochea jiko, maharage yanatokota
tangu saa tisa, mvuke ukipotelea darini.
Natazama nyuma yangu: safi.
Kama sikupita duniani.

Mwezi wa nane nilikwenda kwenye msiba wa shangazi.
Pikipiki ikapata pancha kabla ya kijiji,
nikaisukuma, nikasikia harufu niliyoijua,
harufu ya jikoni kwangu,
porini, pasipo na jiko wala sufuria.

Tanuri lilikuwa limefukiwa kwa udongo
likifuka ubavuni, polepole,
kama mgonjwa anayepumua chini ya blanketi.
Kijana mwenye macho mekundu, Ndahani,
akaniuliza natoka wapi.
Dodoma.
Dodoma ipi?
Nkuhungu.
Akacheka. "Basi ni wewe!
Magunia yangu yote yanashukia Nkuhungu."

Hakunilaumu. Alisema kama mtu
anayekutana na shemeji aliyemsikia kwa simu tu.
Akanionyesha visiki: mlama, mkambala,
mlama, mlama,
kimoja bado kina unyevu ukikigusa.
Nikapiga hesabu. Magunia mawili kwa mwezi, miaka tisa:
mia mbili na kumi na sita.
Nikatembea katikati ya visiki hadi nikachoka,
na nilipochoka
sikuwa nimefika kisigino.

Nikachuchumaa, kama baba.
Nikasoma: huyu anakaa mbali,
amepita hapa mara nyingi bila kufika,
na alikuwa na haraka.

Nyumbani nilitaka kuhubiri.
Sechelela akanisikiliza, mwiko mkononi, kisha akauliza:
"Na maji ya moto ya kuoga, kila jioni, ni ya nani?"
Nikanyamaza.

Siku hizi naoga baridi,
hata Julai, upepo wa Dodoma ukiwa na meno.
Maharage yanalala majini usiku kucha.
Sufuria ina mfuniko, na juu ya mfuniko jiwe,
maana umepinda.
Gunia moja linamaliza mwezi na siku tano juu yake.
Halafu ukaja ubatizo wa mjukuu, wageni arobaini,
tukachoma magunia matatu kwa siku mbili
na pilau ikaungua.
Sisemi nimepona.

Ndahani nilimpigia simu.
Nikipunguza mkaa mimi, yeye atakula nini?
Akasema ametundika mizinga minne,
mitatu haijaingia nyuki.
Nikaagiza asali ya ule mmoja.
Ikafika kwenye chupa ya maji, nyeusi, nzito.
Sechelela akachovya kidole, akakunja uso:
ina ladha ya moshi.

Tunailamba hivyo hivyo.