Kilomita Nne za Ziada

Februari, Tartu. Theluji imewafika madirisha kiunoni.
Leelo Pihlak anapanga punje za oti juu ya agari,
kumi na tisa, kila punje kijiji:
hii Võru, hii Räpina,
hii iliyomeguka kidogo, Meremäe.
Katikati anadondosha tone la manjano:
seli moja, viini maelfu, kichwa hakuna.

Haina jicho wala mshipa wa fahamu.
Inatambaa kama uji uliofurika sufuria,
inasukuma, inavuta, inasukuma,
na ilikopita bure inaacha ute
ili isijidanganye mara mbili.
Kumbukumbu yake iko sakafuni.

Kwenye kompyuta anayo pacha wake:
milinganyo sita, mirija
inayonenepa ikipitwa sana,
ikisahauliwa, ikasinyaa.
Pacha akimaliza, ramani ni safi
kama mwiba wa samaki aliyeliwa na paka.
Wafadhili wataipenda.

Baba yake aliendesha greda la theluji
miaka thelathini na mmoja, kusini huko.
Barabara alizijua kwa makalio,
kwa mtetemo wa kiti.
Na kila alfajiri aliongeza kilomita nne
kupitia kwa Õie, mfuga nyuki.
Ofisi iliandika barua: dizeli inapotea.
Mama alinuna majira mawili ya baridi.
Baba hakujibu ofisi, hakumjibu mama.

Saa thelathini zimepita. Leelo anafunua sahani.
Mtandao upo, karibu sawa na wa pacha,
ila mshipa mmoja,
mwembamba kama uzi wa kufungia kifungo,
unazunguka kusini
kwenda mahali ambapo tayari pamefikika.

Hasara, ndivyo modeli inavyosema.
Anachukua wembe, anakata mshipa mnene
pale penye daraja la Piusa.
Anakaa. Chai inapoa.
Uzi ule unaanza kuvimba.

Daraja lile liliwahi kuvunjika kweli,
usiku, yeye ana miaka mitatu, koo limeziba,
na gari la wagonjwa likapita
kwa mfuga nyuki, barabara ikiwa nyeupe, imekwanguliwa.
Au baba alifuata kahawa tu.
Hilo agari haliwezi kujibu.

Anaongeza herufi moja kwenye mlinganyo wa nne:
õ.
Wahakiki wa ng'ambo watauliza
inatamkwaje,
na inapimwa kwa kizio gani.