Sarufi ya Heri

Jumapili tulikuwa kumi na tisa,
ishirini ukimhesabu mtoto wa Fortunata aliyelala benchini.
Katekista Damiano akafungua Mathayo, sura ya tano,
akasoma kwa sauti yake yenye mafua,
na mvua ya Weti ikisoma naye juu ya mabati.

Heri, akasema. Heri. Heri.
Mara nane, mara tisa, nikapoteza hesabu.

Mimi ni mwalimu wa sarufi. Ni maradhi.
Wenzangu husikia Neno, mimi husikia maneno.
Nikaona sentensi hizi mwanzoni hazina kitenzi:
hakuna "ni", hakuna "walikuwa",
heri imesimama peke yake kama mtu mlangoni
asiyejua kama amekaribishwa.

Na kwetu heri ni neno la mizani pia.
Heri nusu shari. Heri lawama.
Daima nyuma yake inakuja kuliko.
Basi heri maskini, kuliko nani?
Niliusubiri upande wa pili wa mizani.
Damiano akageuza ukurasa.

Wapole watairithi nchi.
Baba alikuwa mpole.
Miaka arobaini alichuma karafuu za watu,
akiujua kila mti, upi una tawi la hila,
na harufu ile haikumtoka hata tulipomwosha.
Alirithi nchi, sikatai:
urefu wake na dhiraa moja ya ziada,
nyuma ya kanisa, penye mzizi wa mfenesi
uliovunja mpini wa jembe.
Nikacheka pale benchini. Fortunata akaniangalia.

Halafu likaja la wenye huzuni.
Watafarijiwa.
Wa-ta-fariji-w-a.
Kauli ya kutendwa, mtenda hakutajwa.
Angeandika hivyo mwanafunzi wangu
ningemzungushia kwa wino mwekundu:
na nani? Kamilisha!

Lakini usiku ule wa mama,
kabla hata ya mbao za jeneza kupatikana,
Bi Time Faki wa nyumba ya pili alikuja
na sahani ya mihogo ya nazi chini ya kawa,
tasbihi kaizungusha kwenye kifundo cha mkono.
Hakunisomea kitu. Hakuniambia ni mapenzi ya nani.
Alivua viatu, akaokota fagio,
akafagia mpaka chini ya kile kitanda
ambacho sisi tulikuwa tunakizunguka kwa mbali,
kisha akaketi sakafuni, miguu kainyoosha,
hadi adhana ya alfajiri.
Akaomba maji, akatawadha uani kwetu.
"Kula japo tonge, mwanangu. N'tarudi."
Akarudi.

Sijui kama huyo ndiye mtenda.
Huenda ni kiwakilishi tu.

Sahani yake ninayo mpaka leo.
Sahani ya jirani hairudi tupu,
na mimi kila nikitia kitu,
vileja, mbatata, sukari nusu kilo,
naitazama, naiona tupu.

Jumatatu niliandika ubaoni: Mgeni alikaribishwa.
Kombo Shaame, dawati la nyuma, akanyoosha mkono.
"Mwalimu, kama aliyetenda hakutajwa, tutamjuaje?"

Nikamwambia aandike tarehe kwanza.