Dira ya Kilula Namba Nne

Kila tarehe thelathini navaa kandambili,
kalamu naichomeka kwenye kilemba,
nashuka na daftari hadi kilula namba nne, Kwedizinga,
kwenda kusoma dira.
Ndiyo kazi niliyopewa: msoma dira wa kijiji.
Nilifundishwa siku mbili Handeni mjini,
nikalishwa wali maharage, nikavishwa fulana
iliyoandikwa mgongoni Maji ni Uhai.
Fulana ilichakaa, ikawa nepi, ikawa tambara.
Dira ingali na nailoni yake kiooni.

Nainama. Nafuta vumbi kwa kidole gumba.
Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.
Naandika.

Usidhani nafanya mzaha.
Mwezi Machi nyigu walijenga mdomoni mwa bomba,
nikaandika pembeni: wateja wapya, watano.
Mtendaji alisoma akacheka,
kisha akakumbuka cheo chake.

Tulichanga. Hilo liandikwe kabla ya mengine.
Kaya mia moja na kumi na mbili, elfu kumi kumi.
Mwajabu Semdoe aliuza mtetea na vifaranga vyake.
Hoza aliuza godoro, akarudi kwenye mkeka, akasema
mgongo utazoea, kiu haizoeleki.
Mtaro tulichimba wenyewe toka tangi la kilimani,
kilomita tatu za jembe na sururu,
wajawazito tukibeba kokoto kwa sahani
tusije tukahesabiwa wavivu.
Mabomba tukayafukia kama maiti, kwa adabu,
tukakaa kusubiri yafufuke.

Mhandisi huja kiangazi, kwa gari jeupe,
chupa ya maji imelala mfukoni mwa mlango.
Husema: mradi umefikia asilimia tisini na tano.
Mwaka juzi, tisini na tano.
Mwaka jana, tisini na tano.
Mwajabu, asiyejua asilimia lakini anajua ndoo,
akamuuliza: hiyo tano iliyobaki ni kitu gani, mwanangu?
Mhandisi akafungua faili, akafunga.
Ni maji, bibi,
akajibu dereva.

Mahindi hayasomi faili.
Yakitoa mbelewele yanataka kunywa wiki ile ile,
hayajui bajeti ijayo.
Niliyaona ya Hoza yamejikunja majani
kama mtu mwenye baridi, saa sita mchana.
Nasi twaamka saa tisa za usiku kwenda lamboni,
tukifika ng'ombe wametangulia.
Unachota kwa kata, unachuja kwa kanga,
kanga inarudi rangi ya udongo, jina lake halisomeki.
Ndoo moja: ya kunywa, ya kupikia,
na kikombe kwa kila mche wa nyanya.
Kuna asubuhi nyanya na mtoto wanatazamana
na hakimu ni mimi.

Sifuri, sifuri.
Wilayani wameniandikia: takwimu zako
zinafanana mno, tafadhali hakiki.
Nimehakiki.
Nimegonga bomba kwa jiwe, nikaweka sikio.
Mle ndani mna upepo, na upepo
hauna bei kwenye jedwali mlilonipa.

Juzi nilikwenda na Mwanamvua.
Ndiye niliyekuwa naye tumboni siku za kokoto,
sasa yuko darasa la kwanza, kila namba aionayo anaisoma,
za milangoni, za magunia, za kwenye mgongo wa pikipiki.
Aliinama mbele ya kioo muda mrefu.
Mama, mbona ni mayai matupu?
Ndiyo, ni mayai.
Matano?
Matano.
Yataanguliwa lini?

Nilipekua daftari ukurasa kwa ukurasa,
safu ya tarehe, safu ya uniti, safu ya sahihi,
safu ya jibu hilo sikuiona.
Nikampa kalamu.
Akachora kuku.

Hesabu za mwezi huu zitakwenda wilayani
na kuku wake.