Wanyonge Nao Wazae

Mama alimwita muuza dawa mwizi.
"Kanipimia majivu," alisema,
"majivu ya jikoni kwake, ndani ya pakiti ya dukani."
Gunia saba za mahindi, hapa Kongwa,
zilikuwa zinalia ndani ya kihenge,
krr, krr, usiku kucha,
kama mtu anayetafuna kokoto kwa aibu.

Nikachota unga wao kwa kijiko cha chai.
Dumuzi arobaini na mmoja.
Nikawatia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi,
nikapanda basi la alfajiri kwenda Dodoma
nimewapakata kama mtoto mwenye homa.

Chuoni, kule kilimani, jokofu linanguruma,
na Chiduo, mwangalizi wa mashine,
huuliza kila asubuhi kama umeme wa leo ni wa kweli.
Tuliwasaga. Sirembi: tuliwasaga
juu ya barafu, kwa kijiti cha plastiki,
tukaosha kilichobaki kwa spiriti
mpaka ukajitokeza uzi mweupe,
unavutika kama mlenda.

Herufi nne tu.
Mama anazijua ishirini na nne
na jina lake huliandika polepole, ulimi nje.
Mdudu ana nne, na amejiandika
tangu kabla ya mahindi, kabla ya kihenge,
kabla ya mkono wowote wa kukifunika.

Si mwandishi hodari. Anakosea.
Akijinakili anaruka nukta,
anarudia mstari aliokwisha kuuandika,
anabandika kipande mahali pasipo pake.
Zipo na herufi zisizokaa kwao,
zinazohama na virago kama wafugaji,
ukurasa hadi ukurasa,
zikiacha nyuma zizi tupu
au ndama.

Makosa mengi hufa na mwenyewe.
Mengine hukaa tu, hayadhuru, hayafai,
kama ule ufunguo wetu
wa kufuli iliyopotelea Mpwapwa.
"Lakini hili," Chiduo akaweka kidole kwenye kioo,
"hili limeandikwa mara tatu."

Jeni ya kuvunja sumu.
Babu yake alikuwa nayo moja:
dawa ilipomwingia, moja ikaelemewa, akafa.
Huyu anazo tatu, zimepanga foleni
kama akina mama bombani, kila mmoja na ndoo yake;
sumu inagawanywa, inabebwa,
inamwagwa nje.

Nilirudi Jumamosi.
Mama alikuwa uani, juu ya mkeka,
anachagua mbegu za mtama:
suke lililojaa, upande huu,
suke lililosinyaa, kwa kuku.
Kila mwaka hivyo, tangu enzi za bibi Nyendo.

Nikamwambia muuza dawa si mwizi.
Dawa ilikuwa dawa. Mwaka wa kwanza
iliwaua karibu wote.

"Karibu," alisema.

Akalirudia neno, kama mwenye nyumba
anayegundua ni yeye aliyefungua mlango.
Mkono ukasimama juu ya masuke.
Akatazama rundo la mbegu,
akatazama rundo la kuku,
na sikuhitaji kumweleza nakala
wala herufi nne wala mlenda.
"Kumbe nimewachagulia mbegu," alisema.
"Miaka tisa. Nawatolea wanyonge, nawabakizia madume."

Bandu bandu huisha gogo.
Hili gogo, kumbe, lilikuwa linajifunza shoka.

Sikuwa na la kuongeza. Nilikuwa na njaa.
Tulikula ugali wa uwele bila kuzungumza,
redio ya jirani ikitangaza vumbi na upepo.

Msimu uliofuata alitia dawa, dawa nyingine,
gunia sita na nusu.
Nusu iliyobaki akaiweka pembeni, wazi, bila kitu.
Nikauliza hiyo ni ya nani.
"Ya wale wanyonge," alisema. "Nao wazae.
Wakachanganye damu na hao mafundi wako."

Chiduo aliniuliza nimesoma wapi jambo hilo.
Nilimwambia: uani.
Hakucheka. Aliandika.

Usiku huo nililala karibu na ile nusu gunia.
Krr, krr.
Sikujua ni yupi kati yao anayekula,
wala ni wapi, katika mstari upi,
alikuwa anakosea tena.