Foleni ya Saa Tisa, Kuze

Maji huku huja saa tisa za usiku, yakipenda.
Madumu yamepangwa ukutani. Langu la sita,
la njano, lenye jina la Salha kwa rangi ya kucha.
Mwanajumbe auliza hata salamu hajamaliza:
"Haya, tupe. Ulaya umeona nini?"

Nimeona Cannstatt, nasema.
"Kana nini?"
Kanshtati. Ni mtaa; mji wenyewe Stuttgart,
kusini kwa Wajerumani,
kama useme Kuze, mwenzio asikie Mombasa.
Una mto mwembamba, rangi ya mchuzi wa mchicha,
unaopita kimya kama mtu mwenye deni dukani.

Salha alinichorea ramani nyuma ya karatasi ya mshahara:
hapa mlango, hapa kituo,
treni ya njano, mama, nyekundu iache ipite.
Kisha akalala. Zamu zake ni za usiku,
awageuza wazee wa watu vitandani
wasipate vidonda.

Basi nikaenda peke yangu, buibui na soksi mbili mbili.
Nikapanda kilima cha mizabibu,
imefungwa fito moja moja
kama watoto wa chuoni waliokosa kuhifadhi.
Sokoni nikaona vibibi wakibonyeza parachichi.
Nikalipindua moja: kibandiko chasema Kenya.
Bei nikaisoma mara mbili, nikalirudisha taratibu
lisije likanijua.

Nikalipa kiingilio bustani ya mfalme wao wa zamani.
Nguzo, matao, nakshi za Kiarabu.
Nikasema, tao hili nalijua,
hili la kina Mbaruku, pale Ndia Kuu,
limefikaje huku, na nani alilipigia hodi?
Mbele kidogo, twiga.

Maimuna acheka mpaka ashika ukuta:
"Ndege mbili, ukamwone twiga!
Si ungekwenda Bamburi tu, ukarudi na mihogo?"
Nami nacheka. Alikuwa na baridi, yule twiga.
Tulitazamana
kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

"Na maji?" auliza Mwambire, kaegemea mkokoteni,
yeye atuuziaye yakikosekana.
Maji yatoka ardhini yenyewe, nikamwambia,
usiku na mchana, pale uwanjani.
Bomba halina koki. Hakuna foleni, hakuna wa kulipwa.
Mwambire akatikisa kichwa:
"Mola aninusuru na mji huo."

Nikatoa chupa mkobani,
niliyoivisha soksi ya Salha isivunjike njiani.
Funda moja moja.
Mwanajumbe akakunja uso:
"Chumvi. Na kutu.
Mama Salha wee, si ya kisima haya,
tuoshayo ngazi?"
Ndiyo hayo. Huko watu huyafuata na fimbo zao,
wanywa wakifumba macho, wasema ni dawa.
Maimuna akaomba funda la pili,
kwa ajili ya goti.

Hakuna aliyeuliza Salha yukoje.
Na mimi ningejibu nini?
Siku kumi na moja:
nilikwenda kumtembelea mwanangu,
nikatembelea mtaa wake.
Alfajiri nasikia ufunguo, viatu vyavuliwa kwa hadhari,
"Umeona nini jana, mama?"
Naanza: mto, parachichi, twiga,
na kabla sijavuka daraja keshalala
na koti lake, kiganja chanuka dawa ya hospitali.
Usiku wa mwisho hakuwa na zamu. Alilala tangu magharibi.
Nikamwosha miguu kwa maji yale ya kutu,
kidole kwa kidole, kama alipokuwa wa kubebwa.
Hakuamka.
Hilo silisemi. Nafunga kizibo.

Bomba lakohoa mara mbili, latema hewa,
latema mchanga.
"Yaja! Yaja!"
Watu wote wameinama.
"Mama Salha, umelala? Sogeza dumu."